Kwa nini jirani anashangilia goli kabla wewe hujaliona

Uko kwa keja unacheki gemu kwa simu, mpira bado uko katikati ya uwanja, halafu ploti nzima inalipuka: gooool! Wasee wengi hulaumu net. Mara nyingi net iko sawa tu. Kinachokuchelewesha ni bafa.

Bafa ni akiba. Apu inapokea video mapema kidogo, inaiweka kando, kisha inakuonyesha kutoka kwa hiyo akiba. Ni kama tangi la maji juu ya ploti: maji ya kaunti yakikatika, mfereji wako bado unatoa. Net ikiyumba, picha haigandi mpaka akiba iishe.

Shida ni kwamba kwa gemu ya live, akiba inalipwa kwa muda. Chukua HLS, mfumo ambao Apple ilitoa 2009 na ambao bado unabeba strimu kibao. Video inakatwa vipande. Mwanzoni Apple ilipendekeza kila kipande kiwe sekunde 10, baadaye ikashusha hadi 6. Na kwa kanuni, plea inafaa kuanza angalau vipande vitatu nyuma. Piga hesabu: 6 mara 3 ni sekunde 18, hata kabla ya seva kubana video na kuisafirisha hadi kwako. Kununua data ya kasi hakufuti hizo 18. Jirani mwenye dekoda pia amechelewa, ni vile foleni yake ni fupi.

2019 Apple ilitangaza HLS mpya inayotuma vijisehemu kabla kipande kizima kukamilika, lengo likiwa kuchelewa kubaki kama sekunde 2. Simu za video zina bafa ndogo zaidi, ndio maana mnaongea bila kungojana, na ndio maana sauti hukatika papo hapo net ikilegea.

Noma iko kwa kubeti gemu ikiendelea. Odds zinafuata data ya uwanjani, si strimu yako. Ukiona penalti na odds bado tamu, manze, huenda hiyo penalti ishapigwa. Doh yako inacheza na habari ya jana.

Na kitu kingine: strimu ikiganda, plea nyingi huendelea pale zilipoachia, so kila kuganda kunakurudisha nyuma zaidi. Bonyeza kitufe cha LIVE ndio uruke mbele.