Kuvu, roketi na gunia la mahindi

Leo tuweke kando kidogo mambo ya simu na programu, tuzungumzie mahindi. Najua utauliza, mahindi yameingiaje kwenye mambo ya tarakilishi? Vumilia kidogo. Utaona kwamba swali ni lile lile tunaloulizana kila siku sisi waandika programu: kosa tulitafute mwisho, kazi ikishakamilika, au tulizuie tangu mwanzo?

Tuanze na bata mzinga. Mwaka 1960 huko Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000 kwa ugonjwa usiojulikana. Wachunguzi walifuata nyayo mpaka kwenye chakula chao, kilichotengenezwa kwa karanga kutoka Brazil. Karanga zilikuwa na kuvu iitwayo Aspergillus flavus, na sumu yake ikapewa jina linalotokana na jina la kuvu hiyo: aflatoksini. Ndugu zetu wa Tanzania huiita sumukuvu. Leo inajulikana kwamba husababisha saratani ya ini, na ikiwa nyingi huua mtu kwa muda mfupi. Ubaya zaidi ni kwamba moto wa jikoni hauimalizi. Ugali ukiiva, sumu bado imo.

Sasa turuke hadi kwenye roketi. Novemba 1949 jeshi la Marekani lilitoa utaratibu ulioitwa MIL-P-1629. Wazo lake ni rahisi mno. Kabla hujaunda chombo, unaorodhesha kila sehemu yake, kisha unauliza: hii inaweza kufeli vipi? Ikifeli, nini kitafuata? Madhara yake ni makubwa kiasi gani? Njia hii leo inajulikana kwa herufi FMEA. NASA waliitumia katika safari za Apollo miaka ya 1960, na miaka ya 1970 kampuni ya Ford ikaiingiza katika uundaji wa magari, baada ya kelele kuhusu gari la Pinto, ambalo tangi lake la mafuta liliweza kushika moto likigongwa kwa nyuma. Siku hizi ni kawaida kwa breki ya gari kupitia maswali hayo kabla ya kufika kwako.

Lakini magari hayakuwa ya kwanza kuazima njia hiyo ya kufikiri. Chakula kilitangulia! Mwaka 1959 kampuni ya Pillsbury, yenye kazi ya kusaga unga, iliombwa kutengeneza chakula cha wanaanga. Hebu fikiria mwanaanga aharishe akiwa angani, ndani ya chumba kisicho na mvuto. NASA walitaka uhakika wa karibu asilimia 100 kwamba chakula hakina vijidudu. Mwanasayansi wa Pillsbury, Howard Bauman, na wenzake walijaribu njia ya kawaida, yaani kupima chakula kikishatengenezwa, wakagundua tatizo. Ukitaka uhakika wa namna hiyo kwa kupima, utakipima chakula kingi mno, na kilichopimwa hakiliwi tena. Kitakachobaki cha kumpa mwanaanga ni kidogo.

Basi wakaazima swali la wahandisi, lililokuwa likitumika katika maabara za jeshi za Natick: ni wapi mambo yanaweza kuharibika? Wakafuata chakula kuanzia malighafi hadi mfuko wa mwisho, wakachagua hatua chache ambazo zikishikiliwa vizuri hatari huondoka, na kila hatua wakaiwekea kipimo chake. Mfumo huo unaitwa HACCP. Pillsbury waliueleza hadharani mwaka 1971, na mwaka 1993 tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, Codex, ikautolea mwongozo kwa dunia nzima.

Haya, turudi nyumbani. Mwaka 2004 Mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu ya aflatoksini na 125 kati yao wakafa. Wengi walikula mahindi waliyolima wenyewe, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mahindi ya sokoni nayo yalipopimwa, zaidi ya nusu ya sampuli zilipita kiwango cha wakati huo cha sehemu 20 kwa bilioni. Na haikuwa mara ya kwanza, maana watu walikufa Machakos kwa sumu hiyo hiyo mwaka 1981.

Kiwango cha sasa ni sehemu 10 kwa bilioni. Piga hesabu na mimi: katika gunia la kilo 90, hiyo ni chini ya miligramu moja ya sumu. Tena sumu haisambai sawasawa kama chumvi kwenye mchuzi. Punje chache zilizoliwa na kuvu zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia. Ukichota kikombe kimoja na kuzikosa punje hizo, gunia litaitwa salama. Hapo ndipo tunarudi kwa Bauman: kupima mwishoni peke yake hakutoshi. Isitoshe, mahindi ya mama anayelima ekari moja Kitui yanatoka shambani yanaingia ghalani, kisha sufuriani. Hayaoni maabara hata siku moja.

Uzuie wapi basi? Kwanza kwenye kukausha. Unyevu usizidi asilimia 13.5, na mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo. Hii ni HACCP ya nyumbani. Lakini kuvu huanza kazi shambani, hasa wakati wa ukame, na hapa ndipo somo la mabadiliko ya viumbe linapoingia.

Si kila Aspergillus flavus hutoa sumu. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba maafa ya 2004 yalihusiana na aina moja yenye sumu kali, iitwayo aina ya S. Kwa nini kuvu ijisumbue kutengeneza sumu? Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kuwa sumu huisaidia kuvu inaposhindania chakula na wadudu. Hata hivyo, zipo aina zilizopoteza uwezo huo na bado zinaishi vizuri shambani. Basi wanasayansi wakauliza: tukizipa hizo nafasi ya kufika kwanza, je, zenye sumu zitapata pa kukaa?

Jibu ni Aflasafe KE01, iliyosajiliwa Kenya mwaka 2015. Ni punje za mtama zilizouawa zisiote, zikapakwa aina nne za kuvu zisizo na sumu zilizopatikana humu humu nchini, ambazo zimezoea mazingira yetu. Mkulima huzinyunyiza shambani wiki mbili tatu kabla mahindi hayajatoa maua. KALRO huzitengeneza Katumani, Machakos. Katika majaribio mengi sumu imepungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Novemba 2019 KEBS walipiga marufuku aina 5 za unga kwa sababu ya aflatoksini, na nchi nzima ikapiga kelele. Kelele hizo zilikuwa za haki, lakini zote zilihusu duka. Mimi naona maabara zibaki, kama vile sisi tunavyojaribu programu kabla ya kuitoa, ila shilingi nyingi zaidi ziende kwenye turubai, vipima unyevu na mtama wa Katumani. Wale 125 hawakufa kwa kukosa mtu wa kupima unga dukani. Wengi wao walikula kutoka ghala lao wenyewe.

Je, kwenu mahindi mnayakausha vipi? Ukienda ushago, waulize. Hadi wakati mwingine, kwaherini.