Mtaro ni ule ule, maji yameongezeka

Ndugu zangu wa nyumbani, nawaandikia kutoka hapa Rochester, jimbo la New York. Leo nawaletea historia kidogo ya mji huu, na inawahusu hasa nyie mnaojenga.

Tuanzie Ireland. Mwaka 1851 injinia Thomas Mulvany alieleza kwamba maji ya mvua hufikia kilele pale mvua inapodumu hadi maji yaliyoangukia mbali kabisa nayo yafike mtaroni. Kabla ya hapo mtaro unabeba maji ya karibu tu.

Hapa Rochester alikuwepo Emil Kuichling, injinia wa mitaro ya mji. Yeye alipima mvua, akapima na maji yaliyopita mitaroni, akachapisha matokeo mwaka 1889. Aliona kwamba sehemu ya mvua inayofika mtaroni inakaribiana na sehemu ya mtaa isiyonywa maji, yaani mapaa na barabara ngumu. Uingereza nako Lloyd-Davies alitoa njia kama hiyo mwaka 1906, na Waingereza wakaiita kwa jina lake.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: zidisha ukali wa mvua, ukubwa wa eneo, na sehemu ya mvua ambayo ardhi haiinywi.

Chukueni hekta moja, kubwa kidogo kuliko kiwanja cha mpira. Mvua inanyesha milimita 36 kwa saa. Hiyo ni lita 100 kila sekunde. Kama pana nyasi na mchanga, labda sehemu 2 kati ya 10 ndiyo itatiririka: lita 20, ndoo moja kila sekunde. Jengeni nyumba, ezekeni mabati, sakafieni nyua, ifike sehemu 8 kati ya 10. Sasa ni ndoo nne kila sekunde! Tena juu ya sakafu maji hukimbia, yanawahi kufika yote kwa pamoja.

Shemeji yangu mmoja aliniuliza kwenye barua pepe: mtaro ni ule ule, mvua ni ile ile, mbona maji yanaingia ndani siku hizi? Jibu ndilo hilo. Kilichobadilika ni mtaa.

Tuelewane, kanuni hii ni ya maeneo madogo. Bonde kama la Msimbazi, lililofurika vibaya Desemba 2011, linataka hesabu kubwa zaidi. Lakini bonde kubwa nalo hujazwa na mitaa midogo.

Kwa hiyo jamani, kabla ya kusakafia ua mzima, bakizeni mchanga na miti. Maji ya paa yakingeni kwenye tangi. Na mkichimba mtaro, msipime maji ya leo tu, pimeni na ya siku viwanja vyote vya juu vitakapojengwa. La sivyo ndoo hizo nne zitamwingia jirani wa bondeni, naye hana pa kuzipeleka.