Vyuma Vitatu vya Bwana Whitworth

Nimewatupa kidogo, zamu za usiku hapa Sydney zimenibana. Wiki hii nafunga msumeno wa meza wa mtumba, nimtengenezee binti yangu kitanda. Ile meza ndogo ya kuongezea pembeni ilikuwa imeinama. Mimi nesi nimeshafunga vidole vingi vilivyoponzwa na misumeno, sikutaka mzaha.

Nikalaza rula ya chuma juu ya meza zote mbili, nikachomeka kipande cha kopo la soda kwenye kiungio, upande wa chini, mpaka mwanga ukaacha kupita chini ya rula.

Lakini rula yenyewe kaihakikisha nani? Mwaka 1840, mjini Glasgow, mhandisi Mwingereza Joseph Whitworth alieleza dawa yake. Vyuma viwili vinaweza kulaliana vizuri kumbe kimoja kimebonyea, kingine kimevimba. Leta cha tatu. Linganisha kila kimoja na wenzake, kwangua palipoinuka, rudia. Vikikubaliana vyote vitatu, vimenyooka kweli.

Wodini dawa kali tunakagua manesi wawili. Siku hizi napiga hesabu ya kipimo peke yangu kwanza, kabla mwenzangu hajanitajia yake. Wawili kukubaliana si ushahidi.

Haya, zamu inaniita. Alamsiki!