Kikatalani Ng'ambo: Vyama vya Wanazuoni kabla ya Fedha za Serikali

Mtafiti anayeianza historia ya ufundishaji wa Kikatalani ng'ambo na mwaka 2002, ilipoundwa Taasisi ya Ramon Llull kwa ushirikiano wa serikali za Katalonia na Visiwa vya Baleari, atakuwa ameianza karibu na mwisho. Kazi iliyotangulia ilifanywa na watu wasiokuwa na dola.

Majeshi ya Jenerali Franco yalipoiteka Barcelona Januari 1939, Kikatalani kiliondolewa shuleni, ofisini na magazetini. Pompeu Fabra, mwanaisimu aliyeongoza usanifishaji wa tahajia yake mwaka 1913, alivuka mpaka na kufariki uhamishoni nchini Ufaransa mwaka 1948. Lugha iliyofungiwa milango nyumbani ilihitaji madarasa kwingine. Huko Uingereza Joan Gili, muuza vitabu, alichapisha sarufi ya Kikatalani kwa Kiingereza mwaka 1943, vita vikiendelea. Kitabu kikatangulia chama: Anglo-Catalan Society iliundwa mwaka 1954, na miongoni mwa waasisi wake walikuwa Gili mwenyewe na mwanahistoria mkimbizi Josep Maria Batista i Roca. Wakimbizi na wahadhiri wa Kihispania waliketi meza moja, na nguvu ya chama ilikuwa hapo hasa, kwani Kikatalani kiliingia vyuoni kupitia idara zilizokuwapo tayari.

Mfano ukaenea. Kongamano la Strasbourg la mwaka 1968 lilifungua njia ya jumuiya ya kimataifa ya lugha na fasihi ya Kikatalani, iliyoasisiwa Cambridge mwaka 1973, miaka miwili kabla ya Franco kufariki. Marekani ilipata chama chake mwaka 1978, Ujerumani mwaka 1983.

Udhaifu wa mfumo huo ulikuwa bayana: kozi inayomtegemea mhadhiri mmoja huweza kufa anapostaafu. Fedha za serikali zilifaa kuziba pengo hilo. Kiswahili, chenye dola kadhaa nyuma yake, kimepita njia nyingine. Hata hivyo, wanaopanga kupeleka walimu wake ng'ambo wangefaa kuuliza kwanza ni idara ipi itakayowapokea.

Fedha hizo zilileta pia swali ambalo waasisi wa 1954 hawakulazimika kulijibu. Utamaduni wa Kikatalani ulipoalikwa kuwa mgeni rasmi wa Maonyesho ya Vitabu ya Frankfurt mwaka 2007, yalizuka mabishano makali kuhusu iwapo Wakatalani wanaoandika kwa Kihispania wahesabiwe, na msafara wa waandishi ukawa wa wale wanaoandika kwa Kikatalani.