Rangi za Ndani ya Nyumba: Fizi na Baraka

Nyumba ya udongo haidumu. Majina ya rangi zake hudumu. Kiswahili kina rangi tatu tu zinazopokea viambishi vya ngeli: -eupe, -ekundu na -eusi. Ndizo zilezile ambazo ukuta hupakwa kwa udongo mweupe, udongo mwekundu na masizi. Nyingine huazima majina ya vitu: manjano, kahawia, kijivu. Rangi za vitambaa zilipita ziwani: Burton na Speke walipofika Ubwari, katika Fizi ya leo, mwaka 1858, kaniki ya nili ilikwisha kuwa bidhaa Ujiji. Vita vya 1996 viliwakimbiza wengi hadi Nyarugusu, Tanzania. Kuanzia 2005 meli za Kigoma ziliwarejesha Baraka. Wengi walikuta kuta zimeanguka. Historia ya mapambo yao, basi, ianzie katika msamiati wa wazee.