Nani Aliruhusiwa Kuwasha? Sheria za Uchomaji Moto Kando ya Misitu ya California, 1793–2022

Mwenye nyumba anayeishi kando ya msitu katika jimbo la California kwa kawaida hutakiwa kupata kibali kabla ya kuchoma matawi na majani makavu ya kiwanja chake. Lundo lisizidi futi 4 kwa upana na kimo, ardhi inayolizunguka isafishwe futi 10 hadi udongo uonekane, na mtu mzima asiondoke hapo kabla moto haujazimika. Ni masharti ya busara. Hata hivyo, makala haya yanadai kwamba chimbuko la makatazo ya moto katika eneo hilo halikuwa usalama wa nyumba.

Mwaka 1793, Gavana José Joaquín de Arrillaga, aliyetawala kwa niaba ya Hispania, alipiga marufuku desturi ya wenyeji ya kuchoma nyika, ambayo iliharibu malisho ya mifugo. Sheria ya jimbo ya mwaka 1850 nayo ilitaja adhabu kwa mtu yeyote atakayewasha moto nyikani. Mtafiti akisoma kifungu hicho peke yake atapotoka, kwani kimo ndani ya sheria iliyotungwa kuwatawala wenyeji wa asili, ile ile iliyoruhusu watoto wao kutumikishwa.

Kwa Wakaruk na Wayurok wa bonde la Mto Klamath, moto ulikuwa sehemu ya kazi za nyumbani. Walichoma vichaka vya hazeli ili vichipue fito zilizonyooka za kusukia vikapu, na kusafisha kwa moto chini ya mialoni walikookota mbegu za chakula. Moto huo mdogo ulikula majani makavu kabla hayajarundikana. Ulipokatazwa, yakarundikana.

Baada ya moto mkubwa wa mwaka 1910 huko Idaho na Montana, idara ya misitu ya serikali kuu ilizidi kuona kila moto kuwa adui. Mwaka 1935 iliagiza kila moto udhibitiwe kabla ya saa 4 asubuhi ya siku inayofuata, sera iliyoachwa katika miaka ya 1970. Nyumba nazo zilizidi kusogea misituni. Moto wa Novemba 2018 ulioteketeza sehemu kubwa ya mji wa Paradise na kuua watu 85 ulianzia kwenye nyaya za umeme, wala si kwenye lundo la taka la mtu.

Sheria iliyoanza kutumika Januari 2022 iliwaondolea wasimamizi waliohitimu na wachomaji wa kimila dhima ya kulipia gharama za kuzima moto uliowaponyoka, isipokuwa penye uzembe mkubwa.