Shetani wa Roki na Pepo wa Uzaramo: Historia ya Tuhuma Moja Kinondoni na Temeke

Tuhuma kwamba muziki wa vijana ni kazi ya Ibilisi, ambayo leo husikika katika mikutano ya injili na mawaidha kuanzia Tandale hadi Mbagala, haikuzaliwa Dar es Salaam. Sura yake ya sasa inatokana kwa kiasi kikubwa na ugomvi uliozuka Marekani na Uingereza juu ya roki, yaani muziki wa magitaa ya umeme uliowateka vijana wa huko tangu miaka ya 1950. Mwaka 1966 Anton LaVey alianzisha Kanisa la Shetani mjini San Francisco. Miaka miwili baadaye bendi ya Rolling Stones ikatoa wimbo ambao msimulizi wake ni Shetani mwenyewe. Na mwaka 1970 Black Sabbath, vijana wa mji wa viwanda wa Birmingham waliolitoa jina lao katika filamu ya kutisha, wakatoa santuri yao ya kwanza. Ushetani huo ulikuwa wa jukwaani kuliko wa ibadani, lakini wahubiri waliuamini kuliko hata wanamuziki wenyewe.

Dar es Salaam ya siku hizo ilikuwa na hofu nyingine. Operesheni Vijana, iliyoendeshwa na Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, tangu Januari 1969, ilipiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na Novemba ya mwaka huohuo muziki wa soul kutoka Marekani ukapigwa marufuku jijini kwa hoja ya kulinda utamaduni wa taifa, bila Shetani kuhitajika.

Wala pepo hawakuwa wageni katika ngoma za hapa. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland aliyeishi Bunju katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, aliandika kwa kina juu ya tiba za Wazaramo, wenyeji wa eneo la Dar es Salaam, zikiwemo ngoma za kupunga pepo, yaani kumtibu mtu aliyepandwa. Ubani hufukizwa, mgonjwa huketishwa kati ya wapigaji, nao hubadilisha mdundo baada ya mdundo mpaka mabega yake yatikisike. Hapo mganga humuuliza pepo jina lake na anachotaka. Pepo wa namna hiyo husemeshwa na kuridhishwa, na ngoma ni dawa yenyewe, jambo lililo mbali kabisa na Shetani wa roki.

Katika ngoma za Uzaramo ndimo ulimochipuka mchiriku, muziki wa uswahilini unaounganisha ngoma, kinanda kidogo cha Casio na spika za pembe zinazokwaruza sauti, ambao Jagwa Music wa Mwananyamala waliufikisha Ulaya kwa albamu yao ya mwaka 2012. Mchiriku ulikesha harusini, ukaitwa wa kihuni. Lawama ilikuwa juu ya bangi, usiku na umaskini wa wapigaji, si juu ya Shetani. Kenya, ambako Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za Shetani mwaka 1994, ilitangulia katika hofu ya Shetani. Dar es Salaam hofu hiyo ilipamba moto mwanzoni mwa miaka ya 2010, pale utajiri au kifo cha msanii kilipohusishwa na Frimasoni, chama cha kindugu chenye asili ya Uingereza, ingawa Sir Andy Chande, aliyekuwa kiongozi wake mashuhuri Afrika Mashariki, alikanusha hadharani uhusiano wowote na Shetani. Singeli, mrithi wa mchiriku mwenye mapigo yanayozidi 200 kwa dakika, ilikulia katika uvumi huo.

Lakini pale Mwenge, Kinondoni, vinyago vya mtindo uitwao shetani, ulioasisiwa na Mmakonde Samaki Likankoa katika miaka ya 1950, huuzwa mchana kweupe kama fahari ya taifa. Mchiriku unastahili heshima hiyohiyo, na kanda zake za miaka ya 1990, ambazo nyingi zimebaki mikononi mwa watu binafsi, zikusanywe na kuhifadhiwa kabla hazijaharibika.